Je, Aliyetia Sahihi Hana Lawama?



Mhariri wetu aliniomba niandike neno juu ya madereva wa malori, kwa kuwa sisi tunaokaa kando ya barabara kuu tumekwisha kuona mengi, na makaburi yetu yanashuhudia. Nilisitasita. Mimi si dereva, na hata baiskeli nimeiacha tangu goti lilipoanza kuniuma. Lakini nilikubali kwa sababu nina habari moja ambayo nimekaa nayo kwa muda wa miaka minne, wala haijanipa raha.

Kijana mmoja, ambaye sitamtaja, alikuja barazani kwangu Jumamosi jioni. Nilimfahamu tangu akiwa darasa la tatu. Baada ya shikamoo na marahaba alisema, "Mwalimu, nimepata kazi ya udereva wa semi-trela, ila tajiri anataka barua ya mtu mzima anayenijua." Nikamwuliza kama ana leseni. Akanionyesha, ilikuwa ya daraja E, ile ya magari makubwa. Nikamwuliza alijifunzia wapi. Akacheka kidogo, akasema alikuwa utingo miaka mitatu katika njia ya Tunduma, na dereva wake alikuwa akimwachia usukani usiku, penye tambarare, ili yeye apate kulala. Shule ya udereva alikwenda siku chache tu, akafundishwa kwa gari dogo la kawaida, akalipa ada, akapewa cheti kinachosema amehudhuria majuma kadhaa. Haya yote aliniambia bila kuficha, kwa maana hakuona ubaya. Wenzake wote walifanya vivyo hivyo.

Nami nikachukua kalamu. Nikaandika kwamba namfahamu kijana huyu tangu utoto wake, kwamba si mlevi wala si mwizi, kwamba ni mtiifu na mwenye bidii, na kwamba nina imani ataifanya kazi yake vema. Nikatia sahihi, na chini yake nikaandika cheo changu cha zamani, Mkufunzi Mstaafu, Chuo cha Ualimu. Nakiri kwamba niliandika cheo kile kwa furaha. Mstaafu hapati nafasi nyingi za kukitumia.

Yule tajiri alikuwa na malori matatu. Aliisoma barua, akaitazama leseni, kisha akamwuliza kijana swali moja tu: je, ataweza kufika Tunduma kabla ya Alhamisi? Hakumpandisha garini amwone akirudi nyuma na tela, wala hakumwuliza juu ya breki. Katika safari yake ya tatu, akiteremka mlima Kitonga na mzigo, lori lilimshinda. Yeye alitoka na michubuko. Utingo wake, mtoto wa miaka kumi na tisa, alikatwa mguu chini ya goti.

Nilikwenda kumtazama hospitali. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya dirisha. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, wanasema wewe ndiwe uliyemwandikia. Ulimjua kweli?" Nikasema ndiyo, nilimjua. Akanyamaza. Nami nilirudi nyumbani nikijiuliza nilikuwa nimejua nini.

Kwa wale ambao hawajapita Kitonga, ni ile milima iliyo kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, katika njia ya kwenda Iringa. Barabara inapanda kwa kona zilizobana, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Madereva wakongwe wanasema kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Nami baada ya ajali ile nilikwenda kwa mzee mmoja aliyeendesha malori kwa miaka mingi, nikakaa naye kama mwanafunzi. Alinieleza kwamba gari zito huteremshwa kwa gia, wala si kwa breki. Unaingiza gia ndogo ungali juu, kabla mteremko haujaanza, kwa sababu ukishaanza huenda usiipate tena, na injini ndiyo inayolizuia gari. Breki unazigusa kidogo na kuziachia. Ukizikandamiza muda wote hupata moto hadi zikapoteza nguvu ya kushika. Na ukizipiga-piga ovyo, upepo unaozisukuma hupungua katika mitungi. Hapo mguu wako unakanyaga, na gari halina habari nawe.

Je, kijana wangu hakuyajua haya? Alikuwa ameyasikia, lakini kusikia na kujua ni mambo mawili, na sisi walimu tungepaswa kulifahamu hilo kuliko watu wengine. Katika miaka mitatu ya utingo hakushika usukani milimani hata mara moja, maana dereva wake hakuwa mjinga. Tena kulikuwa na jambo jingine. Tajiri alimpimia mafuta ya safari, na yakipungua njiani, upungufu ni wa dereva. Basi vijana hufundishana kuteremka na gia huru ili wabane mafuta. Hivyo ndivyo alivyofanya. Fikirini uzito wake: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari la mihimili saba kufikia tani 56. Gari alilofundishiwa shuleni halifiki tani mbili.

Sasa, nani mwenye kosa? Mahakama ililijibu swali hili kwa haraka: aliyekuwa ameshika usukani. Sisemi mahakama ilikosea. Mtu mzima anayekubali kuongoza tani hamsini akijua moyoni kwamba hajui, ana sehemu yake, na umaskini hauifuti. Lakini tajiri alibadilisha dereva katika juma lile lile, kutoka katika kundi la vijana wanaosubiri getini kila asubuhi na leseni mifukoni, wale wanaoitwa deiwaka. Hakuna aliyemwita kumwuliza alimpimaje yule wa kwanza.

Katika kitabu cha Kutoka mna sheria juu ya ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Ng'ombe akiua mtu mara ya kwanza, mwenyewe haadhibiwi. Lakini kama alikuwa na desturi hiyo, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi lawama inamrudia mwenye ng'ombe. Nimeisoma sheria hiyo mara nyingi na kuiona ni ya watu wa kale wafugaji. Siku hizi naiona ni ya wenye malori. Maana haiulizi ni nani aliyepiga pembe. Yauliza ni nani aliyekuwa na habari, na alifanya nini na habari aliyokuwa nayo.

Wenye malori watasema, na wameniambia, kwamba hawana habari. Leseni imetolewa na serikali, cheti kimetolewa na shule, barua imetoka kwa mwalimu. Wao ni nani hata wapinge? Tena wana deni la benki, na gari likisimama siku moja hasara ni yao. Haya si maneno ya bure. Lakini kutokuwa na habari kuko kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu aliyetafuta asipate, na kuna kutojua kwa mtu aliyejiangalia asitafute. Saa moja tu ya kupanda garini na kijana, kumpeleka mlima wowote wa karibu, ingetosha. Aliyeokoa saa hiyo aliiokoa kwa sababu alihofia jibu. Nasema hivi kwa ukali kwa kuwa mimi pia niliokoa saa yangu.

Inashangaza, tena, jinsi matajiri wengi wanavyodai uzoefu wa miaka mitano wakati hakuna anayekubali kumpa kijana mwaka wa kwanza. Basi mwaka wa kwanza huibwa usiku, dereva akilala, au hununuliwa kwa barua ya uongo. Na kazi yenyewe mara nyingi ni ya maneno ya mdomo, posho ya safari na kwaheri, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Tajiri ambaye hana hakika kama dereva atakuwa naye mwezi ujao, kwa nini agharimie kumfundisha?

Mtakumbuka Aprili 2015 madereva walipogoma na watu wakakwama vituoni. Mojawapo ya malalamiko yao ilikuwa kutakiwa kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na lingine lilikuwa kukosa mikataba ya ajira. Wakati ule niliyacheka malalamiko ya kwanza. Nikasema, mwalimu mzima mimi, nani aliyepata hasara kwa kusoma? Sasa naona nilisikiliza nusu. Shule ni njema. Lakini kumrudisha shuleni mtumishi peke yake, na bwana wake asiulizwe lolote, ni kuyatundika makosa yote kwenye msumari mmoja. Vyuo vya kufundisha vizuri vipo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kimekuwapo tangu 1975. Tatizo ni kwamba getini kwa tajiri cheti kilichopatikana kwa jasho na kile kilichonunuliwa vina thamani moja, mradi vyote vina muhuri.

Wala si kwetu tu. Kijana mmoja wa mtaa huu anaendesha malori Marekani, naye amenieleza kwamba tangu tarehe 7 Februari 2022 sheria ya huko inataka kila anayeomba leseni ya gari kubwa kwa mara ya kwanza afundishwe na shule iliyo katika daftari la serikali. Nikasema, hongereni. Akacheka, akasema sheria hiyo haikuweka idadi ya saa. Mwalimu ndiye anayethibitisha kwamba mwanafunzi ameweza. Kwa hiyo hata katika nchi kubwa kama ile, mambo yote yanarudi kwenye kalamu ya mtu mmoja, akiwa peke yake na dhamiri yake na ada aliyokwisha kupokea.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, maana kalamu ndiyo kazi yangu. Sisi Waanglikana tunaelewa kumleta mtu mbele za watu. Katika Kitabu cha Sala, kabla ya mashemasi kuwekewa mikono, Askofu humwonya yule anayewaleta aangalie kama wanafaa, naye hana budi kujibu kwamba amewauliza na kuwapima. Hatosheki na kusema ni vijana wazuri. Barua yangu ilikuwa kumleta mtu namna hiyo, nami sikuuliza wala sikupima. Kila neno nililoandika juu ya tabia yake lilikuwa kweli, na hata leo ni kweli. Lakini tajiri hakuwa akitafuta mtu asiyekunywa tu; alitafuta mtu wa kuteremsha tani hamsini. Nilijibu swali nililolijua kwa ufasaha, ili lile nisilolijua lisionekane. Tena lile nililolijua hasa, kwamba cheti kile kilisema majuma na kijana alikaa siku, sikuliandika. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo nilikuwa nikiifundisha watoto kama amri ya ulimi. Sikupata kuifikiria kama amri ya kunyamaza.

Na niseme yote. Haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya MMEM, iliyoanza 2002, shule zilijaa watoto na walimu hawakutosha. Walimu wa daraja A wakakaa chuoni mwaka mmoja badala ya miwili, mwaka wa pili wakaumalizia mashuleni. Baadaye kwa sekondari wakaja wale wa mafunzo ya wiki chache, ambao wananchi waliwabandika jina la voda fasta. Mimi nilikaa nyuma ya madarasa na daftari langu la mazoezi ya kufundisha, nikawaona baadhi ambao hawakuwa tayari, nikawapitisha. Nilijiambia kwamba mwalimu dhaifu ni afadhali kuliko darasa tupu. Huenda ilikuwa kweli. Bado sijakata shauri. Lakini somo baya halimvunji mtoto mguu siku ile ile, kwa hiyo mwalimu huzoea kusaini. Nadhani nilikuja na mazoea hayo hadi barazani kwangu Jumamosi ile.

Watu walioniona nikihuzunika wameniambia nisijitese, kwamba hata bila barua yangu angepata mtu mwingine wa kumwandikia. Bila shaka angepata. Lakini hoja hiyo ndiyo anayoisema mwenye shule aliyeuza cheti, ndiyo anayoisema dereva aliyelala, na ndiyo anayoisema tajiri. Sisi sote wanne tungekuwa hatuna kosa, kila mmoja akimnyoshea kidole mwingine ambaye angelifanya hivyo hivyo, na mguu wa yule mtoto ukawa umekatika wenyewe.

Mwezi uliopita kijana alikuja tena. Amekonda. Amepata habari za tajiri mwingine mwenye malori ya kwenda Zambia, naye anataka barua. Nilimkaribisha chai, kisha nikaandika mbele yake. Niliandika kwamba ni mwaminifu na si mlevi. Niliandika kwamba alipata ajali Kitonga, na kwamba ijapokuwa amekuwa na leseni kwa miaka kadhaa, sina ushahidi kwamba amefundishwa kuteremsha gari lenye mzigo. Na kwamba namwomba anayeisoma barua amweke chini ya dereva mzoefu kwa miezi kadhaa kabla ya kumwachia gari. Nikatia sahihi bila cheo.

Aliisoma polepole, mara mbili. Akasema, "Asante, Mwalimu," akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Nilimtazama mpaka alipofika barabarani. Kama aliipeleka, sijaambiwa.