WAZO LA LEO: Utamu Ubakize Njiani

Julai hapa Kabati, Kitui, jua huchelewa kutoboa mawingu na blanketi huwa zito kama mlima. Mkimbiaji mwenzangu, usipigane na baridi kwa nia pekee, jitegee chambo. Jioni pakua podikasti kwenye simu, sikiliza mwanzo wake, kisha ikate palipo patamu. Utamu uliobaki uwe wa mbioni tu. Alfajiri, hamu ya kujua kilichofuata itakutoa kitandani hadi barabara ya Kitui–Thika. Sikio moja liache wazi, usikie bodaboda na malori. Ukihitaji mfano wa kudumu mbioni, mkimbiaji Cosmas Ndeti, mwana wa Ukambani, alishinda Boston Marathon mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Haba na haba hujaza kibaba: leo ongeza kilomita moja.