Usiku Nao Ni Kazi ya Mungu

Kanisani tumezoea kusema kwamba giza ni dhambi na nuru ni wokovu. Ni kweli, lakini tusidhani kuwa usiku wenyewe ni kazi ya Ibilisi. Zaburi 104:20 inatufundisha kuwa Mungu ndiye anayeleta giza, na wanyama wa mwituni hutoka wakati huo. Je, Mkristo ana wajibu wa kulitunza giza hilo?

Kwetu swali hili si jepesi. Kuanzia mwaka 2007 hivi, ndugu zetu wenye ualbino waliuawa kikatili Kanda ya Ziwa, na wauaji walijificha gizani. Vikongwe nao wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Mama anayejifungua katika zahanati isiyo na umeme hawezi kuambiwa afurahie nyota. Anayehitaji taa apewe taa. Huo ni upendo.

Lakini taa inayomulika juu angani haimlindi mtu. Kwenye migodi mikubwa kama Geita na Bulyanhulu kazi haisimami usiku, na miji ya jirani inakua. Mwanga unaopotea juu hufifisha nyota. Kilimia, nyota ambazo Mungu alimwuliza Ayubu habari zake (Ayubu 38:31), zilipata jina hilo kutokana na kulima, kwa kuwa wazee walizitazama kujua majira. Mtoto asiyeziona atazijuaje?

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wanaelewa jambo hili. Taa zao huvuta dagaa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, wengi hupumzika. Taa inafaa kwa sababu pana giza. Na katika kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, viboko hutoka majini usiku kula nyasi.

Basi kipimo chetu kiwe jirani. Taa ya usharika ifunikwe juu, imulike mlango na njia. Isiyo na kazi izimwe. Hifadhi za Rubondo na Burigi-Chato ziachiwe usiku wake, maana tulipewa bustani tuilime na kuitunza. Katika Zaburi ya 8 Daudi alitazama mwezi na nyota, akastaajabu kwamba Mungu anamjali kiumbe mdogo kama mwanadamu. Tusiwanyime watoto wetu mshangao huo.