Mwandishi na Dhamana ya Neno

Mnamo 1967 Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi: maana ya matini, alidai, haimo mikononi mwa mtunzi. Dai hilo laweza kuifaa riwaya. Haliifai makala ya kisayansi, ambayo lazima iwe na mtu wa kuulizwa. Kwa miaka mingi vijana wa Nairobi wamewaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha kwa malipo. ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kazi hiyo ilianza kuwaponyoka. Je, pana tofauti gani kati ya kijana wa kukodiwa aliyeko Lucky Summer na programu hiyo? Wote wawili humfanya asiyeandika aonekane mwandishi. Hata hivyo, kijana huisoma mada na kuielewa, naye angeweza kuitetea. Programu huunga maneno kwa kadiri yanavyoelekea kufuatana, na huweza kubuni hata marejeleo yasiyokuwapo. Ndiyo sababu mwaka 2023 jarida la Nature liliikatalia programu nafasi ya mwandishi: haiwezi kuwajibika. Basi anayeitumia kunyoosha lugha hana kosa, mradi akiri hivyo na kuthibitisha kila dai. Jina lililo juu ya makala ni rehani. Takwimu zikishukiwa, mwenye jina ndiye atakayedaiwa.