Wasia wa Mtu Asiye na Hati ya Ardhi



 

Ndugu zangu wanafunzi, nyote mmewahi kusimama kwenye swala ya jeneza. Kabla ya takbiri ya kwanza msemaji wa familia hugeukia safu na kutangaza: anayemdai marehemu amwone fulani, na aliyekosewa naye amsamehe. Kisha tunaswali, tunazika, tunaomba dua, tunatawanyika. Tangazo lile halimalizi hata dakika moja, na kwa familia nyingi za Nakivale ndilo jambo pekee linalofanyika kuhusu mali ya marehemu mpaka siku ugomvi utakapoanza.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Ibn Umar mwenyewe alisema kwamba tangu aliposikia hayo haukumpita usiku mmoja bila kuwa na wasia wake. Angalieni vizuri: hadithi inamtaja mwenye kitu. Haikumtaja tajiri. Sisi tukisikia neno wasia tunamwona mzee mwenye maghorofa Kampala, na mkimbizi anajitoa kwenye hesabu mapema. Mimi naona ni kinyume. Tajiri wa Mbarara akifa ghafla, hati yake iko ofisi ya ardhi na pesa zake ziko benki. Hata kama hakuandika neno, karatasi zitamsemea. Mali ya mtu wa kambini iko kichwani mwake, na kichwa tunakizika pamoja naye.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa kila aliyekulia kule atadhani namsema jirani yake. Baba mmoja, muuza duka wa Base Camp, alitoka Uvira. Ana nyumba ya tope na mabati. Ana bidhaa dukani, na nusu yake amekopa kwa muuzaji wa jumla wa Mbarara. Ana daftari la wadaiwa lenye majina kama "kijana wa boda" na "mama wa nguo", ambayo anayaelewa yeye peke yake. Pesa zake za simu ziko kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, kwa sababu wakati ule shemeji ndiye aliyekuwa na kitambulisho. Kwenye upatu amechangia miezi saba na zamu yake haijafika. Mbuzi wake watatu wanalishwa na Mnyankole wa kijiji cha jirani kwa makubaliano ya mdomo. Uvira kuna nyumba ya babu ambayo haijagawanywa mpaka leo. Mke anaye, mama yake mzazi anaye, ana wavulana wawili na msichana mmoja. Na yuko mtoto mwingine wa miaka 11, ambaye familia ilimkuta peke yake njiani wakati wa kukimbia vita. Naye anamwita baba.

Mtu huyo akifa usiku wa leo, mbuzi ni wa nani? Shemeji akinyamaza, pesa za simu atazidai nani?

Kuhusu ploti tuwe wakweli. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 pamoja na kanuni zake za 2010 zinampa mkimbizi ardhi ya kukaa na kulima, lakini hawezi kuiuza wala kuikodisha, kwa kuwa si yake. Waliosoma fiqh watakumbuka mjadala wa manfaa, kama nayo ni mali inayorithiwa au la. Kwa maoni yangu hapa hata hatufiki kwenye mjadala huo, kwa sababu alichopewa ni ruhusa ya kutumia tu. Basi asiandike kwamba anawarithisha ardhi. Aandike ni nani wanaoishi pale, nani wanalima na nyumba ilijengwa kwa pesa za nani, ili mjane akienda ofisi ya kambi awe na kitu mkononi. Mabati, milango, mazao, mifugo na bidhaa za duka hizo ni milki yake kamili na zinaingia kwenye mirathi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulijui, hata sisi tunaosoma dini. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 129, ilitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Kwa miaka mingi zimebaki kwenye karatasi. Kenya wanazo, Zanzibar wanazo. Hapa kwetu makadhi wa Baraza Kuu la Waislamu hugawa mirathi pale familia inapokubali. Ndugu mmoja akikataa na kwenda mahakamani, na marehemu hakuacha wasia, mali itagawanywa kwa Sheria ya Mirathi ya nchi, iliyorekebishwa 2022: asilimia 75 kwa watoto, 20 kwa mwenzi, 4 kwa jamaa waliomtegemea marehemu na 1 kwa mrithi wa kimila.

Turudi kwa muuza duka wetu. Tuseme baada ya mazishi na madeni zimebaki shilingi 2,400,000. Kwa sheria ya nchi mke anapata 480,000, watoto watatu 600,000 kila mmoja, mama yake 96,000 ikiwa alikuwa akimtegemea, na mrithi wa kimila 24,000. Kwa Surat an-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mke ana thumni, yaani 300,000. Mama ana sudusi, yaani 400,000. Zinabaki 1,700,000 za watoto, kila mvulana 680,000 na msichana 340,000.

Bibi kizee aliyevuka mpaka akiwa amebebwa mgongoni anatoka kwenye 400,000 mpaka 96,000, kwa sababu tu mwanawe hakuchukua kalamu. Najua pia dada zangu mnaosoma hapa mmeshapiga hesabu ya upande wenu: mke anapata zaidi kwa sheria ya nchi. Ni kweli, wala sioni sababu ya kulificha. Lakini mume anayemwonea huruma mkewe hakufungiwa mlango. Akiwa hai na mzima anaweza kumpa hiba: cherehani, mbuzi, sehemu ya duka, akamkabidhi mbele ya mashahidi kikawa chake tangu siku hiyo. Na mahari ambayo hakuwahi kuilipa ni deni, linatolewa kabla mrithi yeyote hajagusa kitu. Wanaume wangapi wa kambini wana deni hilo na wanaliita mzaha?

Kwa hiyo wasia wa Muislamu katika nchi hii una kazi mbili. Ya kwanza ni kutamka kwamba mali yangu igawanywe kwa mafungu ya Qur'ani. Mwenzangu mmoja darasani alipinga kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kumuusia mrithi. Alikataza kumwongezea mrithi juu ya fungu lake. Kuandika kwamba kila mrithi apewe fungu lake hakumwongezei mtu kitu.

Kazi ya pili ni theluthi, na hapa naomba tukae kidogo. Sa'd ibn Abi Waqqas (r.a.) alipougua alitaka kutoa mali yake karibu yote sadaka. Mtume (s.a.w.) akamshusha mpaka theluthi, akamwambia hata hiyo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Tunaisoma hadithi hii kama onyo la kutozidisha. Kwa Nakivale isomeni pia upande wa pili: theluthi ipo, itumieni. Yule mtoto wa miaka 11 hana fungu katika mafungu ya mirathi. Hata angechota maji ya nyumba ile miaka kumi, siku ya kugawana atakaa nje na wageni. Theluthi ya 2,400,000 ni 800,000. Baba akiandika kwamba mtoto huyo apewe 400,000 au thamani yake, hakuna mjomba atakayemtoa. Asipoandika, atabaki akitegemea huruma ya watu ambao nao wana njaa. Nyumba nyingi kule zinalea watoto wa namna hii, wa ndugu waliopotea au wa majirani waliouawa. Sijui wasia wa wajibu zaidi ya huu.

Na wale ambao hatujui kama wako hai? Kaka aliyebaki Kivu, mume ambaye habari zake zilikatika. Fiqh inamwita mafqud, na ikiwa ni mrithi fungu lake huwekwa kando mpaka hali yake ijulikane. Ili liwekwe, lazima jina lake liwe limeandikwa mahali. Watoto waliozaliwa Nakivale hawamjui.

Hapa namkumbuka Zubayr ibn al-Awwam (r.a.), na kisa chake kimo katika Sahih al-Bukhari. Watu walikuwa wakimletea pesa awawekee amana. Alikuwa akikataa, akiwaambia ziwe mkopo kwake, kwa kuchelea zisipotee: amana ikipotea bila uzembe halipi, lakini mkopo unalipwa kwa hali yoyote. Siku ya vita vya Jamal alihisi atauawa, akamwita mwanawe Abdullah, akamwusia madeni yake kwanza. Alipokufa hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi, ikiwemo ile ya al-Ghaba, na nyumba Madina, Basra, Kufa na Misri. Mali iliyotawanyika sehemu nne, kama za wazee wetu! Deni lilikuwa 2,200,000. Abdullah aliuza, akalipa, na ndugu zake walipotaka wagawane alikataa. Kwa miaka minne kila msimu wa hija alitangaza kwamba anayemdai Zubayr aje alipwe. Ndipo akagawa.

Miaka minne. Sisi tunatangaza mara moja kaburini, kwa watu waliokuja kuzika.

Abdullah aliweza kwa sababu baba yake alimwambia. Ndugu zangu, hapa tusiwaangalie wazee peke yao. Mweka hazina wa jumuiya ya wanafunzi mara nyingi anaweka michango ya futari kwenye laini yake mwenyewe ya simu. Akifa leo, pesa zile zinaonekana ni zake, na mama yake atazirithi kwa nia safi kabisa. Mwingine ana deni la hosteli, au kompyuta ya kuazima. Mtume (s.a.w.) alisita kumswalia maiti kwa deni la dinari mbili au tatu, kwa kutofautiana riwaya, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba. Tangu marekebisho ya 2022 umri wa kuandika wasia Uganda ni miaka 18. Hakuna msomaji wa jarida hili aliye mdogo mno.

Namna yake si ngumu. Iwe kwa maandishi, kwa lugha unayoijua vizuri. Anza na unachodaiwa na unachodai, majina kamili na namba za simu. Kisha amana za watu, laini ya nani ina pesa za nani. Kisha mali, na ile ya nchi ulikotoka: mtaa, jirani wa kulia na wa kushoto, nani anakaa pale sasa. Kisha warithi wote, waliopo na waliopotea. Kisha theluthi, kama unayo ya kumpa mtu. Taja wasii wa kusimamia mali na mlezi wa watoto, na si lazima awe mtu mmoja. Tia sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili wakiwa pamoja, nao watie sahihi zao. Shahidi asiwe mtu anayepewa kitu katika wasia, wala mume au mke wake, maana kwa sheria ya hapa atakikosa. Na usimwache anayekutegemea bila matunzo, kwa sababu mahakama ina uwezo wa kuingilia wasia wa namna hiyo.

Shida kubwa iko nyumbani. Mtoto anayerudi likizo kutoka Mbarara na kumwuliza baba yake kuhusu wasia ataambiwa anamchulia kifo, na mama atanuna wiki nzima. Sishauri mwanze hivyo. Andika wako kwanza, hata kama una simu moja na deni la elfu hamsini. Mpelekee baba baada ya Isha, umwambie: "Baba, mimi natembea barabarani kila siku, nimeandika mambo yangu, naomba wewe uwe wasii wangu." Atausoma. Ataona jina la mtu unayemdai, ataona umemtaja yule mdogo wenu ambaye si wa damu. Mpe kalamu akubali usimamizi, na umwachie karatasi mbili tupu pamoja na wako.

Akishaandika wake, nakala moja ibaki kwa wasii, moja kwa imamu wa msikiti wake, na moja uje nayo wewe Mbarara, kwa sababu nyumba za tope huvuja na karatasi huliwa na mchwa.