Nitajuaje Ni Wewe?

Nilisahau nywila ya barua pepe yangu ya zamani, ile yenye picha za marehemu shosho. Nikaambiwa msimbo umetumwa kwa nambari yangu. Nambari gani sasa? Laini hiyo niliiacha kitambo, na laini ikikaa bila kutumika, kampuni humpa mtu mwingine.

Nikapiga. Akapokea dada mmoja.

“Samahani, umeingiliwa na msimbo wangu. Nisomee tu.”

“Na nitajuaje ni wewe?”

Nilikasirika. Shosho ni wangu, picha ni zangu! Lakini tuseme ukweli, maneno yangu yalikuwa yale yale ya matapeli.

Mwaka 1694, John Locke alidai kuwa kinachomfanya mtu abaki yule yule ni fahamu yake, kule kukumbuka aliyoyatenda. Sawa, mzee Locke, lakini kumbukumbu zangu zimo kichwani mwangu. Kwangu, mimi ni mimi. Kwa yule dada, mimi ni sauti tu.

Nikamwomba tukutane tao, pale Archives. Nilimwonyesha kitambulisho, nikaomba msimbo mpya mbele ya macho yake. Simu yake ikatetemeka. Akaniangalia kidogo, kisha akasoma.

Ni rahisi kudhani anayetushuku ana roho mbaya, hasa tukijua hatudanganyi. Lakini yeye hana dirisha la kuchungulia moyo wako. Ukweli wangu haukumdai yule dada chochote. Mimi ndiye niliyedaiwa nauli ya kwenda kuuthibitisha.