Wekundu Haujazi Ghala

Mwanangu, biashara ya Kariakoo imekuzoesha haraka. Mzigo ukishuka asubuhi Mtaa wa Congo, jioni unataka uwe umekwisha. Sasa nasikia umeonyeshwa kwenye simu shamba la Amani, kule juu Muheza, udongo mwekundu unapendeza, na dalali anakuhimiza utoe kishika uchumba. Keti kwanza. Kunywa chai.

Wekundu huo ulinidanganya na mimi. Nilifyeka, nikachoma, nikapanda mahindi. Msimu wa kwanza yalistawi, nikatamba kijiji kizima. Kumbe yalikuwa yanakula majivu. Uliofuata, majani yakawa zambarau, mahindi yakadumaa. Nikamwaga mbolea ya fosfeti kwa pupa. Udongo ukaikamata kwa chuma na aluminiamu yake, mizizi ikabaki na njaa.

Rangi ile ni kutu ya chuma tu, mwanangu. Miamba ya Usambara Mashariki ni ya kale mno, na mvua imeusuuza udongo wake miaka na miaka. Kalsiamu na potasiamu zimekwenda na maji. Wataalamu huuita ferasoli, Wamarekani, oksisoli. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna mwekundu mwingine, nitisoli, uliozaliwa na miamba ya volkano. Huo bado una akiba, na ukivunja bonge lake utaona nyuso zinang'aa. Simu itakuonyesha hilo?

Geoffrey Milne, mtafiti aliyefanya kazi palepale Amani, alieleza mwaka 1935 jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Basi nawe tembea mteremko wote. Chimba shimo la kufika kiunoni. Peleka udongo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, kiko Muheza hiyohiyo, wakupimie uchachu.

Ukinunua, usichome. Shibe ya udongo ule iko juujuu, kwenye majani yanayooza. Samadi na fosfeti tia kwenye shimo la mbegu, usitapanye. Ile ya Minjingu, ya Manyara, inafaa. Uchachu wenyewe huiyeyusha, ila polepole. Hapo ndipo ninapokuhofia, maana mavuno ya msimu mmoja hayatakurudishia fedha.

Na dalali akikwambia kuna mteja mwingine, mwambie amuuzie huyo.