Daawa Kufutwa na Dhima Kubaki

Bismillahi Rahmani Rahim.

Watu wengi hudhani ya kuwa daawa ikifutwa, yule aliyeshitakiwa amekwisha safika mbele ya watu na mbele ya Mwenyezi Mungu. Dhana hii ni kosa kubwa, kwani kwa sababu yake mtu huweza kula haki ya nduguye umri wake wote, hali akijiona mwema.

Mathalan katika milima ya Uluguru, ardhi kwa mila ya Waluguru ni ya ukoo wa upande wa mama. Asiyekuwa wa ukoo akipewa shamba alime, alikuwa akitoa ngoto kila mwaka, nayo ni malipo madogo ya kukiri ya kwamba ardhi ina wenyewe. Basi na akadiriwe mtu wa namna hiyo amekufa, na mwanawe amekataa kutoa ngoto, asema, "Shamba ni langu." Wenye ukoo wakateremka Morogoro kushitaki.

Kwa kanuni za madai za Tanzania, za mwaka 1966, daawa yaweza kuondoka bila ya kiini chake kuhukumiwa. Mdai aweza kuiondoa mwenyewe. Na akiiondoa pasina idhini ya kuirejesha, mlango umemfungia. Au mdaiwa huomba itupwe, kwa kuwa mdai hakuhudhuria au hati yake ina kasoro. Au wote wawili hupatana, na mapatano yao huandikwa yakawa hukumu.

Daawa iliyotupwa kwa kasoro ya hati, iliyopimwa ni karatasi, si shamba. Mtume (s.a.w.) amewaonya wenye kugombana ya kwamba yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na aliyekatiwa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu iliyotolewa baada ya hoja haihalalishi haramu, sembuse daawa ambayo hoja zake hazikusikizwa?

Ama sulhu, Qurani imeisifu kuwa ni kheri. Kaab bin Malik alipomdai Ibn Abi Hadrad msikitini hata sauti zikapanda, Mtume alimwashiria asamehe nusu, naye akakubali. Lakini yule mdaiwa hakuambiwa deni halipo. Aliambiwa aondoke akalipe.

Kwa ajili hii Mashafii wamesema sulhu ya pamoja na kukana haisihi. Sharti itanguliwe na iqrari. Kwani mdai akiwa mwongo, amekula mali ya mwenziwe kwa batili. Na akiwa mkweli, amelazimishwa kuiuza haki yake kwa sehemu ya haki yake.

Huenda mtu akasema, "Abu Hanifa, Malik na Ahmad wameijuzisha." Ni kweli, na ikhtilafu yao ni rehema. Lakini Mahanbali hao walioijuzisha wamesema ya kwamba anayejua nafsini mwake kuwa ni mwongo, alichokipata si halali kwake. Basi ruhusa hiyo si kimbilio la mwongo.

Tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata hayahukumu tena kesi za ardhi. Hupewa siku 30 kusuluhisha kabla ya shauri kufika wilayani. Huo ni wasaa mwema. Mwana yule na aseme kwanza, "Ardhi ni yenu." Akisha kukiri, wenye ukoo wana hiari kusamehe yaliyopita na kumwacha alime. Neno hilo halimpunguzii shamba hata pima moja, nalo ndilo limwondolealo dhima.

Wallahu aalam.